Auleria, mshauri anayepishana na wateja wake bila salamu

Saa moja kasoro robo asubuhi. Auleria anashuka njia ya vumbi inayotoka nyumbani kwake kwenda Barabara ya Kilwa, Mbagala. Begani ana mkoba mweusi, mkononi chupa ya chai. Anatembea taratibu, kichwa kimeinama kidogo.

Kwenye kona ya kwanza kuna mama anayepika vitumbua. Jumanne iliyopita mama huyo alikaa na Auleria saa nzima, akalia mpaka kanga ikalowa. Asubuhi hii macho yao yanakutana mara moja tu. Mama anageuza kitumbua. Auleria anapita.

Mbele kidogo, mzee mwenye baraghashia anafungua duka lake la vyuma chakavu. Naye ameshamweleza Auleria mambo ambayo ndugu zake wa tumbo moja hawayajui. Anapomwona anakuja, anainama kutafuta funguo ambazo tayari zimo mkononi mwake.

Mbagala ni mahali ambapo mtu akipita barazani bila kusema chochote atasemwa wiki nzima. Lakini Auleria anafika kituo cha mabasi bila kuambiwa hata "habari za asubuhi".

"Sio kwamba wananichukia," anasema. "Ndivyo tulivyokubaliana. Ukinikuta njiani, hunijui. Nami sikujui."

Auleria, mwenye umri wa miaka 52, ni mshauri nasaha wa vijana wanaotumia dawa za kulevya na wa familia zao. Ameifanya kazi hii kwa miaka saba katika mitaa ya Temeke, chini ya asasi ndogo inayompa posho ya Sh320,000 kwa mwezi. Kwa sasa anahudumia familia 27. Ameomba jina lake la pili lisiandikwe.

Mtaani wanamwita "mama wa mateja". Anayeonekana akichangamkiana naye, jirani huanza kujiuliza kuna nini katika nyumba ile. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa, kabla hajauliza jina la mtoto wala anatumia nini, Auleria huieleza familia sheria hiyo ya njiani.

Wengi hushusha pumzi. Baba mmoja alimshika mkono akamwambia, "Hapo dada umenitua mzigo."

Watu wanapoisikia kazi yake huuliza swali moja: alikuwa na mtoto aliyeharibikiwa? Hakuwa naye. Ana binti mmoja, Noela, muuguzi Dodoma, ambaye hupiga simu kila Jumapili baada ya misa. Mume wake alifariki kwa ugonjwa wa moyo binti akiwa darasa la pili.

Alichokuwa nacho ni mashine ya kuchapa. Kwa miaka 14 Auleria, mzaliwa wa Muleba mkoani Kagera, alikuwa karani katika shule moja ya sekondari. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuchapa barua za kuwafukuza wanafunzi waliokamatwa na bangi au unga.

"Mwaka mmoja nilichapa tisa," anasema. "Nilikuwa sinyanyui uso. Nachapa, napiga muhuri, naweka kwenye bahasha."

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu alisimama mbele ya meza akisubiri barua yake. Alipopewa hakuondoka. Akauliza, "Mama, hii nikampe nani? Nyumbani baba kasema nikirudi atanivunja miguu, na nyie hamnitaki."

"Nikamwambia nenda, mwanangu. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Nenda." Kisha anasema, "Hata mimi sikujua namwambia aende wapi."

Baada ya mwaka huo alianza kusoma mwenyewe vitabu alivyoazima kwa mhudumu wa afya ya akili, kisha akaomba nafasi kwenye mafunzo ya wiki sita ya ushauri. Alipomaliza aliacha ukarani. Ndugu zake walidhani amerukwa na akili.

Chumba anachofanyia kazi kiko nyuma ya kibanda cha fundi cherehani aitwaye Zuena. Mwisho wa mwezi huu atakihama, ndiyo maana ameruhusu kielezwe hapa. Kila baada ya miaka miwili au mitatu majirani huanza kujua, naye hutafuta kingine.

Hakuna kibao. Ndani mna viti vinne vya plastiki, meza, ndoo ya maji na pazia la maua. Wanaokuja kwa Auleria huja na kitambaa. Wanaingia kwa Zuena kama watu wa kushona, wanapimwa bega mlangoni, kisha wanasogea nyuma.

"Kuna mama hapa kitenge chake kina mwaka mzima," anasema Zuena, huku akicheka. "Kinaletwa kila Alhamisi, kinarudi. Juzi shoga yake kamuuliza, 'Huyu fundi wako vipi, gauni gani hili haliishi?' Akamjibu, 'Nina mwili mgumu.'"

Zuena ndiye mtu pekee anayekula naye chakula cha mchana.

Namna yake ya kufanya kazi ni ya polepole. Kikao cha kwanza huwaomba wazazi wamweleze mtoto wao kwa dakika kumi bila kutaja unga, wizi wala aibu. Anapenda chakula gani? Alichelewa kutembea au aliwahi? Anacheka vipi?

"Wengi wanakwama dakika ya pili," anasema. "Mzazi anagundua ameshasahau. Ameishi na teja miaka mitano, mtoto wake hamkumbuki tena. Basi tunaanza kumtafuta huyo."

Hamwulizi kijana kama ameacha. Humwuliza kama amekula. Anasema swali la kwanza humfundisha kijana kudanganya, la pili halina sababu ya kudanganyiwa. Wale walio tayari huwasindikiza kwenye kliniki ya serikali inayotoa methadone, dawa ya maji ambayo mtu huinywa kila siku mbele ya muuguzi ili asisikie arosto, yale maumivu na kutetemeka kunakompata aliyekosa unga. Mtu akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi huanzwa tena kutoka chini.

Katika miaka saba amezika vijana wanne. Mazishi yote manne alisimama nyuma kabisa, miongoni mwa watu wasiojulikana ni wa nani.

Lakini jambo linalomsumbua zaidi mwaka huu halikutokea mazishini. Lilitokea kwenye sherehe, na anasema kosa lilikuwa lake.

Majina ya familia hii yamebadilishwa, pamoja na mambo machache yanayoweza kuwatambulisha. Wenyewe wamekubali habari yao isimuliwe.

Albano ana miaka 24. Baba yake, Ferdinand, ni fundi uashi aliyetoka Masasi akiwa kijana. Mama yake, Margareta, anauza nguo za watoto sokoni. Albano alianza kubwia unga akiwa na miaka 19, akauza simu ya baba, kisha redio, kisha mabati matatu yaliyokuwa ya kumalizia jiko. Familia ilikuja kwa Auleria miaka miwili iliyopita, Margareta akiwa na kitenge chake cha rangi ya samawati.

Ilichukua miezi kumi na moja Albano kukubali kwenda kliniki. Alipoanza, hakukosa. Alikunywa dawa kila asubuhi kwa miezi minane. Alianza kumsaidia baba yake kuchanganya zege. Aliongezeka kilo tisa. Bibi yake, Sesilia, mwenye miaka 81, mara mbili tatu alikuja naye kwenye chumba cha nyuma, akapakata mkono wa mjukuu wake kikao kizima.

Julai mwaka huu dada yake Albano, Monica, alikuwa apokelewe mahari. Upande wa mchumba wake, Augustine, ulikuwa na shangazi aitwaye Jovina, anayeimba na Auleria kwenye kwaya. Jovina akamwomba asindikizane na kina mama wengine kupeleka mahari Kigamboni.

"Aliniambia binti wa Kigamboni," anasema Auleria. "Sikujua kumbe ni wa Mbagala, wanapokelea tu kwa baba mkubwa wake. Niliposhuka kwenye gari nikamwona Margareta amesimama mlangoni, nguo ya sare, amepaka wanja."

Margareta naye alimwona. Akatazama pembeni. Auleria akatazama pembeni. Ferdinand akainamia viatu vyake. Sheria ikafanya kazi.

Albano alikuwepo, shati jipya jeupe, akigawa soda. Alipomfikia Auleria alisimama wima na kreti lake.

"Karibu mama. Fanta au Coca?"

"Fanta, mwanangu."

"Ya baridi au ya kawaida?"

"Ya kawaida. Nina jino."

"Ilibakia kidogo tu tucheke," anakumbuka Auleria. "Nilijivunia yule mtoto, nikatamani nimwambie mtu. Hakukuwa na wa kumwambia."

Kisha wageni wakapangwa mstari kuingia ndani. Kwenye kiti cha mbele, kando ya mlango, alikuwa ameketishwa Bibi Sesilia. Wageni wote walikuwa wakimpita wakimpa heshima yake. Auleria alikuwa wa sita. Wa tano alipiga goti, akaondoka. Bibi akainua uso.

"Watu watatu ninaowajua niliwapita, nikaweza," anasema Auleria. "Bibi wa miaka themanini na moja, ananitazama machoni, mkono ameshaunyoosha. Ningempitaje? Mama yangu angefufuka Muleba kuja kunichapa. Goti likakunjika lenyewe. Nikasema shikamoo bibi."

Angeishia hapo, ingekuwa salamu ya mgeni yeyote. Lakini Bibi Sesilia hakuwahi kuelezwa sheria ya njiani. Nyumbani kwake waliona ni mzee, haendi popote, ya nini kumchosha. Akamshika Auleria mikono yote miwili.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Njooni mumwone! Ndiye huyu aliyemtoa mjukuu wangu kwenye unga!"

Vigelegele vilikuwa vinapigwa nje. Ndani, waliokuwa karibu walisikia. Jovina alikuwa wa saba kwenye mstari.

Hakuna aliyepandisha sauti. Mshenga aliomba maji ya kunywa, akatoka nje na wazee wawili, wakakaa huko kama robo saa. Waliporudi chakula kililiwa, maneno mazuri yalisemwa. Kisha wakasema wanaomba muda wa kutafakari. Bahasha ya mahari iliondoka nao.

"Kwenye gari la kurudi nilikaa kiti cha nyuma," anasema Auleria. "Wenzangu waliimba. Jovina hakuimba."

Keshoye Albano alikwenda kliniki kama kawaida. Jumatatu hakwenda. Jumanne hakwenda. Siku ya nne muuguzi alimpigia Auleria. Nyumbani Albano alikuwa ameacha begi la shule la zamani, wembe wa kunyolea na ujumbe kwenye simu ya dada yake: Olewa kwanza. Nitarudi.

Auleria alijua aliyotakiwa kufanya. Mtu akimkosea mwenzake namna hiyo, hutuma mtu mzima akamwombee radhi. Lakini kutuma mtu kungekuwa kumweleza mtu wa tatu siri ya nyumba ya watu. Kwenda mwenyewe mchana kungekuwa kuithibitisha kwa majirani. Hakumwambia hata Noela.

Siku ya sita alikwenda, kwa njia ya uani, saa ambayo mtaa mzima uko sokoni. Margareta hakufungua mlango. Alizungumza naye kupitia wavu wa dirisha.

"Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha," anasema Auleria. "Akaniambia, 'Dada Auleria, wewe ndiye uliyetufundisha tusikusalimie. Sisi tumeweza miaka miwili. Wewe siku moja imekushinda?'"

Anayarudia maneno hayo kwa sauti ileile ya utulivu anayotumia kwa yote.

Margareta, alipozungumza nasi kwa simu, hakuyakana. "Nilisema, ndiyo. Nilikuwa na watoto wawili asubuhi ile. Wiki haikwisha, mmoja hana ndoa, mwingine hayupo. Ningemwambia nani, bibi wa watu?" Kisha akaongeza, "Mama mkwe wangu hakula siku tatu. Anasema, 'Mie na uzee wangu nimemfukuza mtoto kwa mdomo wangu.' Kila mtu humu ndani ana lake."

Habari za Albano zilipatikana wiki ya pili. Kijana mwingine wa kliniki alimwona Tegeta, upande wa juu wa Barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba mpya zinajengwa. Alikuwa akilala kwenye pagale, nyumba isiyokwisha, pamoja na wenzake wanne. Alikuwa amerudia unga.

Tegeta ni mwisho mwingine wa jiji. Jumamosi ya kwanza Auleria aliondoka asubuhi, akafika karibu na saa sita mchana. Alikuwa na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha kwenye bakuli. Hakuingia ndani ya pagale. Alikaa juu ya tofali nje.

Vijana walimzomea.

"Albano! Maza wako kaja na chai!"

"Si mama yangu," Albano alijibu kutoka ndani.

"Sasa nani, mchumba? Mbona mkubwa hivyo braza?"

Alitoka baada ya nusu saa. Alikuwa amekonda. Akasimama mbali.

"Mama mshauri, umepotea? Huku siyo kwenu."

"Umekula?"

"Mie sirudi."

"Sikukuuliza hilo. Umekula?"

Alikula mihogo miwili amesimama, akarudi ndani. Auleria akaondoka.

Jumamosi ya pili alikula amekaa. Jumamosi ya tatu hakuwepo, wenzake wanne wakala mihogo yote. Ya nne alikuwa na homa, Auleria akamnunulia dawa za malaria baada ya kupimwa kwenye zahanati. Ya tano alizungumza.

"Aliniambia, 'Nyie mnadhani nimekimbia. Mie sijakimbia. Nikiwepo mie, nyumba ina teja. Nikiondoka, nyumba haina. Waje watazame, wamuoe Monica, basi.' Alikuwa amepiga hesabu yake kabisa," anasema Auleria. "Na mimi ndani ya moyo wangu nikajiuliza, hesabu hii kaifundishwa na nani?"

Ni hapo, juu ya tofali lile, ndipo alipoanza kuitilia shaka sheria yake. Aliiweka ili kuzilinda familia. Lakini kila kijana aliyekuwa chini ya sheria ile aliona kwa macho yake mama yake akigeuza uso. Aliona kwamba hata anayemsaidia ni wa kufichwa.

Kwa wiki hizo hakulala vizuri wala hakuwa na wa kumweleza. Asasi yao haina msimamizi wa kuwasikiliza washauri. Ina mkurugenzi, mhasibu wa siku mbili kwa wiki, na yeye. Kwenye kwaya Jovina alihamia safu ya mbele. Jioni alipika mchele wa viganja viwili, akala akiwa amewasha redio. Zuena alimwona anakonda akamwuliza kama ni sukari.

Jumatano moja mwishoni mwa Agosti, binti aliingia kwenye kibanda cha Zuena akiwa mikono mitupu.

"Nilimwuliza, sista, unashona nini?" anasimulia Zuena. "Akaniambia, 'Sina cha kushona. Namtaka mama aliyeko nyuma.' Kwa sauti! Na wateja wangu wawili wa kweli wamekaa pale. Nikabaki na sindano mdomoni."

Alikuwa Monica, 26, mwalimu wa chekechea. Hakuwahi kufika kwenye chumba hicho. Wazazi walimwambia Albano anatibiwa "mambo ya kifua". Ukweli wote aliujua siku ile ile ya mahari, pamoja na wakwe.

"Nilikuwa nimekuja kumgombeza," anasema Monica. "Nikamkuta amekaa peke yake anakunja pazia. Nikamwuliza, 'Kaka yangu yuko wapi?' Akaniambia, 'Tegeta. Naenda Jumamosi.' Nikamwambia, 'Tunaenda.'"

Jumamosi hiyo, ya saba, vijana wa pagale hawakuzomea. Monica aliingia moja kwa moja ndani. Auleria alibaki nje, kwa hiyo yaliyosemwa anayajua kwa kuhadithiwa na Monica.

"Nilimwambia, 'Umeniachia ujumbe eti niolewe kwanza. Nani kakwambia mie naolewa nyumba inayotaka kaka yangu apotee? Wao wanatafakari, na mie nimewaambia natafakari.' Akaniuliza, 'Umewaambia kweli?' Nikamwambia nimemwambia Augustine usoni, tena kwa sauti mbaya. Akacheka. Mie nilikuwaga namfahamu akicheka vile tangu mdogo, anafunika mdomo. Nikajua yupo."

Walirudi Mbagala watatu. Jumatatu Albano alikuwa kliniki. Walimwanzishia dozi ya chini kabisa. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu; Ferdinand alilala sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe, akimfuta jasho. Siku ya makala haya kuandikwa, Albano amekunywa dawa siku 41 bila kukosa.

Ferdinand ni mtu wa maneno machache. Anamleta mwanawe kwa Auleria, kisha anakaa nje karibu na cherehani. "Nilikuwa namwonea aibu mwanangu," anasema, "nikaiita siri. Sasa najifunza kutofautisha."

Margareta hajarudi. Kitenge chake cha samawati kiko nyumbani. Auleria haulizi atakuja lini.

Mwezi uliopita Auleria alizirudia familia zake zote 27, moja baada ya nyingine, kuziuliza kama sheria ya njiani iendelee. Kumi na tisa zilisema iendelee kama ilivyo. Tano zilisema awasalimie. Tatu hazijajibu. Anafuata kila moja ilivyotaka. Hazilaumu zile kumi na tisa.

"Mimi sikai kwenye nyumba zao," anasema. "Mwenye binti wa kuozwa anajua anachokiogopa. Siwezi kumwambia awe jasiri kwa sababu mimi nimechoka kutosalimiwa."

Jumamosi ijayo wazee wa upande wa Augustine watakuja tena, safari hii Mbagala, nyumbani kwa Ferdinand. Wametuma salamu kwamba wanakuja kutoa jibu. Hakuna anayejua ni jibu gani. Augustine mwenyewe, kwa maneno ya Monica, "yupo upande wangu, lakini ana mama".

Albano ameomba jambo moja: asifichwe chumbani. Anataka kukaa sebuleni, wageni wakishakaribishwa, azungumze yeye mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Baba amekubali. Mama amekaa kimya, na katika nyumba ile, anasema Ferdinand, kimya chake si kukataa.

Alhamisi mchana, kwenye chumba chenye pazia la maua, Auleria anamsikiliza akijaribu.

"Wazee wangu, shikamooni," anaanza Albano, mikono katikati ya magoti. "Mimi ndiye yule teja mliyesikia..."

"Ishia hapo. Anza upya."

"Mimi ni mtumiaji wa zamani wa..."

"Anza upya."

Albano anamtazama. Nje cherehani ya Zuena inakwenda, inasimama, inakwenda. Anavuta pumzi.

"Naitwa Albano Ferdinand. Ni kaka yake Monica."

"Kisha?"

"Kisha sijui, mama."

"Basi nyamaza. Waache waulize wao. Watakachouliza, jibu kweli. Ukichoka, mwombe baba maji."

Wanarudia mara nne. Mara ya nne sauti haitetemeki. Albano anaaga, anatoka na baba yake, na Auleria anabaki akipanga viti vinne ukutani.

Hatakuwepo Jumamosi. Hakualikwa, wala asingekwenda kama angealikwa. Anasema nyumba ile inatakiwa isimame bila yeye kuwa mlangoni. Mpango wake ni kukaa nyumbani, kufua, na kuweka simu mezani bila kuigusa.

Anatumaini haitalia.

"Mambo yakiharibika, watanipigia," anasema. "Hata Margareta atanipigia. Watu wakiwa salama, huwa hawanikumbuki. Nikikaa mpaka jioni kimya, nitajua wamekula pamoja na wageni wao, na Albano amekula."